Vichochoro vyeupe katikati ya maneno

Kijitabu kilikuwa na kurasa nane, na maziko yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Familia moja ya Chaani, Changamwe, ilikuwa imelipia nakala 100 za wasifu wa marehemu baba yao, na mimi ndimi niliyeipanga kazi hiyo katika saiba moja ya Magongo. Saa mbili usiku akaja mzee wa ukoo kuchukua mzigo. Alifungua ukurasa wa tatu, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kukiacha hapo.

“Mwanangu, hapa mmefuta jina la nani?”

Hakuna jina lililofutwa. Mstari ulisema marehemu ameacha mke na watoto saba, lakini baina ya neno “mke” na neno “na” palikuwa na nafasi nyeupe inayotosha jina kamili la mtu. Marehemu alikuwa na wake wawili, na maneno baina ya nyumba hizo mbili yalikuwa yameanza kabla hajafa. Mzee yule aliliona pengo, akajua kuna mkono uliopita. Nilimweleza kwamba kompyuta ndiyo iliyotawanya maneno, naye akaniangalia kama mtu anayesikiliza uongo uliotungwa vibaya. Tulichapisha upya nakala zote 100 usiku ule, kwa karatasi zangu mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa dogo. Aya nzima nilikuwa nimeijastifai, yaani nimeamuru kila mstari uanze ukingo wa kushoto na uishie sawasawa na ukingo wa kulia. Kisha, nikitaka orodha ya watoto ianzie mstari mpya, nikabonyeza Shift na Enter kwa pamoja. Vitufe hivyo viwili huvunja mstari bila kufunga aya. Programu ikaona mstari uliokatwa katikati ya aya, ikadhani ni wajibu wake kuunyoosha mpaka ukingoni, na kwa kuwa mlikuwa na maneno machache, ikayatupa mbali mbali. Ningebonyeza Enter peke yake, au ningeweka alama ya Tab kabla ya kuvunja mstari, yasingetokea hayo.

Tangu siku hiyo siwezi kupita ukurasa uliochapishwa upande huu wa bara wa Mombasa bila kutazama nafasi zake. Nimetazama matangazo ya nyumba za kupanga yaliyobandikwa njiani kuelekea kivuko cha Likoni, kadi za harusi na vijitabu vya dua vinavyotoka Kongowea na Bamburi, katiba za vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi wa Changamwe. Kazi hizi hazifanywi na mashirika makubwa ya uchapishaji. Hufanywa na vijana wenye kompyuta moja na printa moja, katika vibanda vya upana wa hatua tatu, kwa Word, kwa CorelDRAW, kwa Publisher, na mara chache kwa InDesign. Na ugonjwa ni ule ule kila mahali. Baina ya maneno hufunguka nafasi, nafasi za mstari wa juu zikaangukia nafasi za mstari wa chini, na ukurasa ukapasuliwa na vichochoro vyeupe vinavyoteremka kama njia za maji ya mvua pale Mishomoroni.

Watu wengi huilaumu mashine. Baadhi huulaumu uandishi wetu, kwamba Kiswahili kina maneno marefu mno kwa magazeti. Nataka kueleza kwa nini lawama zote mbili haziko mahali pake, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne.

Chukua safu nyembamba ya gazeti ambayo mstari wake unachukua herufi 30, nafasi zikiwamo. Umeandika “wakazi wa Likoni”, ambayo ni herufi 16 pamoja na nafasi zake mbili. Neno linalofuata ni “hawajashughulikiwa”. Lihesabu: herufi 18. Mstari umebakisha nafasi 14 tu, neno haliingii, kwa hiyo linashushwa lote zima. Nafasi zile 14 lazima zigawiwe mahali, na katika mstari huo mna mapengo mawili peke yake, lile lililo kabla ya “wa” na lile lililo baada yake. Kila pengo linaongezewa nafasi saba. Kiingereza katika mstari kama huo kingekuwa na maneno matano au sita, mapengo manne au matano, na ziada ingegawanyika bila jicho kushtuka.

Sasa likate neno mahali panapostahili: “hawajashughu-” juu, “likiwa” chini. Herufi 16 za mwanzo, nafasi moja, herufi 12 na kistari kimoja. Jumla ni 30 kamili. Pengo limekwisha bila kubadilisha neno hata moja la mwandishi.

Urefu wa maneno yetu umetokana na desturi ya kuandika viambishi vikiwa vimeshikana. Wasotho wa kusini mwa Afrika huviandika mbalimbali: wao husema “ke a mo rata”, maneno manne. Jirani yao Mzulu huandika “ngiyamthanda”, neno moja, nasi tunaandika “nampenda”. Maana ni hiyo hiyo. Mpanga kurasa wa Kisotho ana mapengo matatu ya kuficha ziada yake pale ambapo mimi na Mzulu hatuna hata moja. Desturi yetu ni nzuri na sitaki ibadilike, ila ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa kujua kukata maneno.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Programu hizi hukata maneno kwa kufuata lugha zilizoambiwa kuwa ndiyo ya maandishi hayo. Kompyuta ikinunuliwa, lugha iliyowekwa ni Kiingereza, na hakuna anayeigusa. Nimeyaona yafuatayo kwenye karatasi zilizokwisha lipiwa: “wanan-chi”, “shirik-isho”, “Mom-basa”. Msomaji akifika mwisho wa mstari na kukuta “shirik”, ulimi wake unakwama, kwa sababu silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu. Mwenye kibanda naye, akichoshwa na mikato hiyo, huzima ukataji wote. Ukataji ukizimwa na jastifai ikabaki, vichochoro hurudi.

Kanuni ya kukata neno la Kiswahili kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua, hata kama hajawahi kuiita kanuni ya uchapishaji. Kata baada ya irabu: shi-ri-ki-sho, ki-tu-ngu-u, Mo-mba-sa. Herufi zinazotamkwa kwa pamoja zisitenganishwe: ch, sh, dh, gh, th, ny, ng', wala mb, nd, nj na nz mwanzoni mwa silabi. Mtu hakatwi “m-tu”, ingawa silabi ni mbili, kwa sababu herufi moja iliyoachwa ukingoni haimsaidii msomaji. Maneno mengi yaliyotoka Kiarabu yana silabi zinazofungwa na konsonanti, na hayo hukatwa hapo: lab-da, mak-ta-ba, Al-ha-mi-si.

Halafu kuna mikato ambayo kanuni inaruhusu na adabu inakataa. Neno “kumaliza” likikatwa baada ya silabi ya pili, linaloachwa mwisho wa mstari ni neno lisilotajwa mbele ya wakwe. Ndivyo ilivyo kwa “kumaanisha” na yote yanayoanza hivyo. Hakuna kompyuta inayoweza kujua hili isipofundishwa na mtu mwenye lugha yake. Mimi maneno hayo huyafungia yasikatwe kabisa, na kabla ya kupeleka kazi yoyote mtamboni huteremka ukingo wa kulia kwa kidole, mstari kwa mstari, nikisoma vipande vya mwisho peke yake.

Asiye na kamusi ya Kiswahili kwenye programu yake ana njia ya mkono. Katika Word, bonyeza Ctrl na kistari. Katika InDesign, Ctrl, Shift na kistari. Hicho ni kistari kinachojificha: huonekana neno likiangukia mwisho wa mstari, na hutoweka maandishi yakisogea. Wengi huandika kistari cha kawaida. Mteja akiongeza neno moja juu, mistari yote inasogea, na “hawajashughu-likiwa” inajikuta katikati ya mstari na kovu lake. Nimeliona kovu hilo kwenye bango la mita tatu.

Kusawazisha mistari hakukuanza na kompyuta. Gutenberg, alipochapa Biblia yake Ujerumani katika miaka ya 1450, alichonga herufi moja kwa upana tofauti tofauti na kutumia vifupisho ili mistari ilingane bila kupanua mapengo. Mtambo wa Linotype, ulioanza kazi kwenye gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ulikuwa na kabari nyembamba baina ya maneno. Mstari ukikamilika, kabari zote zilisukumwa juu kwa pamoja na kuyatanua maneno mpaka yajae. Mwaka 1981 Donald Knuth na Michael Plass walichapisha njia ya kuifanya kompyuta iipime aya nzima kabla ya kuamua mstari wa kwanza uvunjwe wapi. Fundi wa Linotype alitazama mstari mmoja tu. Njia ya Knuth na Plass inaweza kukaza mstari wa pili kidogo ili wa tano usipasuke. InDesign, iliyotoka mwaka 1999, inaweza kupanga hivyo, na ni hasara mtu kuilipia halafu akaiacha ipange mstari mmoja mmoja.

InDesign ina msaada mwingine ambao nimewaonyesha vijana wengi na kila mara hushangaa. Kwenye mapendeleo yake kuna chaguo la kuonyesha mistari iliyovunja mipaka ya nafasi uliyoiweka. Ukiliwasha, mistari mibovu inapakwa manjano, na iliyo mibaya zaidi manjano yake yamekolea. Ukurasa wa Kiswahili uliojastifaiwa kwa safu nyembamba na lugha ya Kiingereza huwaka wote kama kitenge. Washa ukataji, weka mikato kwa mkono pale palipokolea, manjano yanapungua mbele ya macho yako.

Lakini ushauri wangu wa kwanza kwa kibanda chochote ni rahisi kuliko yote hayo: acha kujastifai. Panga maandishi yaanze sawa kushoto, upande wa kulia uyaache yaishie yanapoishia. Nafasi zote zinabaki sawa, hakuna kichochoro, hakuna anayeuliza jina lililofutwa. Wateja hukataa mwanzoni. Wanasema ukingo wa kulia uliochongoka unaonekana haujamalizwa, kwamba kitabu cha kweli hunyooka pande zote mbili. Mimi huwachapishia nakala mbili za ukurasa mmoja na kuwaomba wazisome kwa sauti. Ile iliyojastifaiwa huwafanya wapumue mahali pasipo na mkato. Kwa safu isiyofika upana wa kiganja, katika lugha yetu, sioni sababu ya kujastifai hata siku moja.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kitufe kirefu cha nafasi kilicho chini ya vidole vyetu gumba. Orodha za bei, ratiba za madrasa, majina ya wanakamati na vyeo vyao, yote hupangwa kwa kugonga nafasi mpaka jicho liridhike. Kwenye kioo yanalingana. Ukibadilisha fonti, au ukilipeleka faili kwenye kompyuta ya mtaa wa pili isiyo na fonti ile, kila kitu kinahama, kwa sababu herufi hazilingani upana: “i” ni nyembamba, “m” ni pana. Washa alama zilizofichika, kwa Ctrl, Shift na 8 katika Word, au Ctrl, Alt na I katika InDesign, utaona nukta zimejipanga kama siafu, kila moja nafasi iliyogongwa. Zifute, weka kituo kimoja cha Tab, gonga Tab mara moja. Vyeo vyote vitasimama chini ya cheo cha kwanza na havitahama tena.

Hasara hii huuma zaidi kwenye mashairi, na Mombasa ni mji wa mashairi. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande mizani nane. Vina vya kati hukaa mwisho wa ukwapi na vya mwisho hukaa mwisho wa utao. Sikio linasikia usawa kamili. Jicho halioni hivyo. Tazama vipande hivi viwili nilivyovitunga kwa mfano:

Ilikuwa ni jioni
Mashambani mwa mamangu

Kila kimoja ni mizani nane, lakini cha kwanza kina herufi na nafasi 16, cha pili 22. Mpangaji akigonga nafasi baada ya ukwapi ili utao ulingane, atagonga idadi tofauti kila mshororo, na hatafanikiwa. Akijastifai mshororo mzima, maneno yatatawanyika, na msomaji ataimba kwa pumzi isiyo ya mtunzi. Dawa ni kituo kimoja cha Tab kwa beti zote, kilichopimwa kwa ukwapi mrefu kuliko wote wa shairi, au jedwali la safu mbili lililofutwa mistari yake.

Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mvita yetu na kufariki karibu mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu kabla hayajafika kwenye chapa ya Kirumi. William Taylor, mmisionari aliyekuwa Mombasa na Freretown, hapa Kisauni, aliyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na William Hichens akayatoa kitabuni Johannesburg mwaka 1940. Kila hatua alikuwapo mtu aliyeamua kipande kinaishia wapi kwenye karatasi. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi mara nyingi uliwekwa mstari mmoja, vipande vyake vinne vikifuatana na alama baina yao. Chapa ya Kirumi imeuzoesha kusimama wima, kipande juu ya kipande. Sioni kwamba upangaji mmoja ni sahihi na mwingine makosa. Lakini ukitaka kuchapa utenzi kwenye kijitabu cha maulidi, amua unafuata upi kabla ya kugusa kitufe.

Hati za Kiarabu zenyewe zina adabu yake. Mji huu ulikuwa na gazeti lililotumia Kiswahili na Kiarabu tangu mwaka 1932, Al-Islah la Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, kwa hiyo kuchanganya hati mbili ukurasani si jambo geni kwetu. Kwa desturi, Kiarabu kikinyooshwa hakitanuliwi kwa mapengo peke yake. Huvutwa kiungo cha herufi na herufi, neno likarefuka bila kukatika. Katika programu isiyojua hivyo, herufi huachana moja moja na neno likasomeka kinyumenyume. Nimekutana na kijitabu cha dua kilichochapwa hivyo, nakala zimekwisha gawanywa kwa watoto. Kwenye InDesign lazima uchague mpangaji anayeitwa World-Ready na uelekeze aya ianzie kulia. Kisha, hata kama wewe ni hafidhi, mpe ustadh asome nakala iliyotoka kwenye printa, si kwenye kioo.

Kurekebisha safu mbili zilizokaa bega kwa bega na mistari isiyotazamana ni jambo la dakika mbili. Kichwa kidogo katikati ya safu ya kushoto huongeza nafasi, na mistari yote iliyo chini yake hupishana na jirani zake. Funga maandishi kwenye gridi ya mistari, au hakikisha kichwa na nafasi zake vinachukua mistari kamili, miwili au mitatu, si miwili na nusu. Na maandishi yanayokuja kwa simu yaangaliwe alama ya ng'. “Ng'ambo”, neno tunalolitumia Likoni kila siku, hunifikia kwa alama tatu tofauti katika barua moja, nyingine ikiwa na nafasi baada yake, nayo programu ikaona maneno mawili na kuyatenganisha mistari miwili. Anayetumia Publisher ajue pia kwamba Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026. Kazi zake za zamani azihifadhi mapema kwa muundo mwingine. Scribus ipo, ni ya bure, na inajitosheleza kwa kijitabu na gazeti la mtaa.

Yule mzee wa Chaani nilikutana naye tena mwaka uliofuata. Safari hii alikuja kuchapisha kadi za harusi ya mjukuu wake, akakaa nyuma ya kiti changu mpaka nilipomaliza, akisoma kila jina kwa sauti. Hakuwa amesahau.

Kamusi ya kukata maneno ya Kiswahili ni faili dogo. Kanuni zake nyingi zimo katika aya mbili za makala haya, na zilizobaki ni orodha ya maneno ya kigeni na ya aibu ambayo wasomi wa lugha wanaweza kuiandika kwa muhula mmoja. Katika kompyuta za vibanda nilivyofanyia kazi, Likoni hadi Magongo, sijaikuta hata moja. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, cha kwanza kikifunza kompyuta na cha pili Kiswahili, na baina yao ni safari ya saa moja u nusu kwa matatu. Nawaomba walimu wa vyuo hivyo viwili wakae meza moja, wawape wanafunzi wao kazi hiyo, na faili likikamilika walitoe bure, kwenye flashi, kwa kila kibanda kitakacholiomba.